Dawa Iko Njiani

Mtu asinitajie ile kampuni nikiwa na kisu mkononi. Mdogo wangu, tuliyemwita Chapchap kwa sababu hata chai aliinywa amesimama, alikuwa kati ya waendesha pikipiki wake wa kwanza. Enzi hizo ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro, na bosi mwenyewe alikuwa akishuka kuwapa mkono. Walibeba abiria tu. Wakaongeza chakula, vifurushi, mitungi ya gesi, mwisho dawa. Bosi akawa hashikiki, na simu ndiyo ikawa bosi.

Simu hiyo, ukiizima mchana watu wanapoagiza chakula, inakupunguzia alama. Zikishuka sana, unafungiwa. Chapchap alishafungiwa mara moja kwa sababu ya kumpeleka mama kliniki, akarudishwa kwa onyo. "Dada, nikifungiwa tena tutatafuna hii kofia ya pikipiki," aliniambia. Nilicheka, lakini nyumba nzima ilikuwa inamtegemea yeye.

Basi mchana mmoja pumu ikambana mama. Nikatikisa kikopo chake cha kuvuta dawa, kitupu. Nilikuwa peke yangu, nimemshikilia akae wima, siwezi hata kutoka mlangoni. Nikampigia Chapchap.

"Niko nje ya duka la dawa hapa," akasema. "Naagiza kwa simu, iletwe nyumbani. Mimi ndiye niliye karibu, lazima nipewe mimi. Nitakuja bila kuzima kazi."

"Acha ujanja wewe, ingia ununue!"

"Tulia dada, nawajua hawa."

Anawajua! Oda akapewa mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya mji. Chapchap akakimbilia dukani, na kikopo pekee kilichobaki kipo mezani, anakiona kwa macho yake. "Ni changu, nimeagiza mimi!" Muuzaji akakataa katakata: akimpa mtu mwingine, duka nalo linafungiwa. Akajaribu kuifuta oda, haikufutika. Hapo hapo simu ikalia, supu ya mtu wa ofisini.

Akaipeleka. Dawa iko njiani, alijiambia, na supu inapoa.

Mama alinishika mkono mpaka vidole vyake vikalegea. Nilipiga kelele majirani wakajaa, lakini wapi, ameshaondoka.

Chapchap na yule mwenzake walifika karibu pamoja. Mwenzake akasimama mlangoni na mfuko wake, ameinamisha kichwa.

"Kaka, pole sana, Mungu ndiye anajua. Lakini usipobonyeza kwamba umepokea, nafungiwa. Nina watoto."

Nilitaka kumzaba kibao, wallahi. Chapchap akanizuia. Akatoa simu, akabonyeza kwamba amepokea. Simu ikamuuliza anampa nyota ngapi. Akampa zote tano, kisha akaketi sakafuni karibu na mama, kofia ya pikipiki bado iko kichwani.