Damu ya Nguruwe na Muuaji wa London

Mnisamehe kwanza mwandiko na makosa ya herufi, niliishia darasa la saba na naandika polepole kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, lakini aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha, bora tuigawane.

Mimi ni Atupele, kwetu Iyunga, Mbeya, ila naishi Nyololo kwa kaka yangu Ipyana, anayechinja na kuuza kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, karibu na stendi. Kazi yangu ilikuwa kuosha utumbo. Nilitamani sana kukata nyama mwenyewe pale kwenye gogo, mbele ya wateja, lakini kaka alisema gogo si mahali pa mwanamke, na mimi nina aibu (nikisemeshwa natazama vidole vya miguu), kwa hiyo nilibaki na utumbo wangu.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunasikiliza simulizi kwenye simu ya kaka, ya yule muuaji wa London wa enzi za Malkia Viktoria, aliyeua wanawake maskini kwa kisu na hajajulikana mpaka leo, wakampachika tu jina la Jack. Msimuliaji akasema wapo wanaodhani alikuwa mwanamke, labda mkunga, maana mkunga akipita na damu kwenye nguo hakuna anayeshtuka. Kaka akacheka mpaka akaweka shoka chini.

"Mwanamke! Angekamatwa kona ya kwanza."

Sijui nini kilinipata, nikasema, "Kaka, mbona inawezekana."

"Wewe Atu, siku ukinionyesha mwanamke amepita na damu mbele za watu asiulizwe, gogo hili nakupa. Haya Bi Jack, rudi kwenye utumbo."

Wateja wakaangua kicheko, nami nikarudi. Lakini mchana kazi ilipokwisha, kaka akiwa ameenda kutafuta mkaa, badala ya kunawa na kubadili kanga kama siku zote, nikaamua kwenda nyumbani vilevile, damu mpaka kwenye viwiko, kisu cha kuchinjia nimekilaza ndani ya ndoo na kukifunika kitambaa ili nikakinoe. Uamuzi mdogo tu.

Sasa, sijawaambia kwamba wifi yangu alikuwa na mimba iliyokaribia kabisa, na Nyololo nzima inajua. Nilipofika kwenye meza za nyanya, Mama Vitusi anayeuza hapo akasimama.

"Kamwene, Atu! Jamani, wifi yako tayari?"

Nilitaka kusema hapana, lakini watu wote walinigeukia, nikafanya ninachofanya siku zote, nikainamisha kichwa na kutabasamu. Mama Vitusi akapiga kigelegele kikaamsha stendi.

"Oneni mtoto wa watu alivyochoka, amezalisha peke yake!"

Basi ikawa safari. Mmoja akachukua unga wa ulezi wa uji wa mzazi, mwingine kuku, mwingine kuni kichwani, wakaanza kuimba nyuma yangu, na mgambo (yuleyule anayetufukuza tukipanga bidhaa barabarani) akanipokea ndoo. "Pole mwanangu, leta nikusaidie." Nikampa, mngefanya nini? Kila nikifungua mdomo, kigelegele kingine kinapigwa.

Tukafika. Wifi amekaa uani kwenye kigoda, anamenya viazi, tumbo liko palepale lilipokuwa asubuhi. Wimbo ukafa. Kabla mtu hajasema neno, kaka, aliyerudi na mkaa akazikuta habari stendi, akaingia mbio, bucha kaiacha wazi, anahema.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Yuko tumboni," wifi akasema, "kwani wewe ulimwacha wapi?"

Wote wakanitazama mimi.

"Atu," kaka akauliza, "hiyo damu ya nani?"

"Ya nguruwe."

Mama Vitusi akakaa chini pu! Machozi yalikuwa yananijia, ndipo nikaiona ndoo mkononi mwa mgambo. Nikaenda, nikafunua kitambaa, nikatoa kisu.

"Kaka, nimepita stendi nzima na damu hii. Wa kwanza kuuliza ni ya nani ni wewe, sasa hivi. Na kisu nimebebewa na mgambo."

Mgambo akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Wifi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka nikaogopa mtoto atatoka kweli, na uani kote wakamfuata.

"Ipyana, gogo limekwenda," akasema.

Yule kuku nilimchinja mimi, hapohapo, wanaume wakiangalia. Kesho yake nilisimama kwenye gogo, vipande havikulingana, lakini nilikata, na mpaka leo nakata mimi.

Ila kupita na damu barabarani sirudii. Wifi alipojifungua kweli nilikimbia stendi kuwaambia, wakanijibu, "Toka hapa, Bi Jack!" Ikabidi kaka aje mwenyewe kuapa.

Huyo wa London simjui, sikusema alikuwa mwanamke, nilisema inawezekana. Ninyi mnaonaje? Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Nitasoma, polepole.