Birika la Ubatizo Alilochonga Baba

Niliondoka Kaptagat kwa sababu ya dada yangu Nasambu. Alikuwa kitandani tangu mvua ianze, na neno lake lilikuwa moja tu: "Enda Eldoret usikie wakimsoma Baba." Tulikuwa tumepata habari kwamba Jumapili hiyo, katika lile kanisa la mawe Wazungu walilojijengea, yangesomwa majina ya marehemu wa miaka yake ya mwanzo.

Alfajiri nilipanda lori la maziwa. Dereva, Kiprono, akaona kitambaa changu cheupe cha kichwa.

"Mama, nani anakuoa leo?"

"Kama ni wewe, enda kwanza uoge."

Alicheka mpaka msitu ukaisha. Mimi nikabaki nikiwataja moyoni waliolijenga: Barasa na Makokha, wapasuaji mawe, Kimaiyo, mwenye ng'ombe wa kuvuta mkokoteni, na baba yetu Wekesa, aliyechonga birika la ubatizo. Ujenzi ukiendelea, Wazungu walisali ndani, hao wajenzi wakaimba nje, chini ya dirisha. Baba alikuwa akifunzwa, abatizwe siku ile birika litakapotiwa maji mara ya kwanza. Kabla ya siku hiyo kufika, jiwe la ukuta likamwangukia, akafa.

Kufika mjini, kengele ilikuwa inalia. Kasisi Njoroge alisimama mlangoni akisalimu watu. Nikamweleza habari za Baba.

"Karibu, Mama. Jina lake la ubatizo?"

"Hakuwahi kubatizwa. Ni Wekesa."

Akainamisha kichwa. "Pole, Mama. Wanaosomwa ni waliobatizwa. Huo utaratibu niliukuta."

"Na birika je? Si ni lake?"

Akanishika mkono, akaingia, nami nikamfuata.

Ndani walisomwa Wazungu, bwana na bibi, na watoto wao waliokufa wadogo. Mwisho kasisi akasema, "Na wengine wote." Nikangoja. Wimbo ukaanza. Kisha mtoto akaletwa kubatizwa, maji yakamwagika kwenye jiwe la Baba, watu wakapiga makofi. Mikono yangu ilikataa.

Jioni, nyumbani, Nasambu hakungoja nikae.

"Wamemsoma?"

"Wamesema, 'Na wengine wote.'"

"Wengine nani?"

Nilienda nikidhani kanisa limesahau tu, likikumbushwa litakumbuka. Nimerudi nikijua halikuwahi kumjua. Na sisi tunaomjua tumebaki wawili, mmoja kitandani.

Nasambu akajiinua kwa kiwiko.

"Mimi walinibatiza humo humo," akasema. "Nikifa, usikubali wanisome."

Akageukia ukuta.