Aliyeziona Picha Zangu Kwanza

Haya sikusimuliwa, wala sikuyaota. Yalinipata mimi mwenyewe katika nyumba yetu ya Mkomani, hapa Lamu, miaka ile ya hamsini, nikiwa kijana ambaye ndevu bado hazijamjaa. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikifika katikati sipendi kukatizwa. Nimewahi kuwasimulia watu wenye elimu zao, wakaniambia dawa za picha zilinipanda kichwani. Dawa gani hiyo inayomjua mama yangu kwa jina?

Nilikuwa na kamera ya sanduku, niliyoachiwa na mjomba wangu. Na mjini palikuwa na chama cha wapiga picha. Usifikiri ni chama cha kutisha. Walikuwa watu wachache, wakikutana kila Alhamisi baada ya alasiri, ghorofani, juu ya duka la Bwana Fida. Huyu alikuwa Mhindi Mwislamu aliyeuza filamu, karatasi na dawa za kusafishia picha kwenye Usita wa Mui, ile barabara yetu kuu ambayo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Mkubwa wa chama alikuwa mwalimu Shee, mtu wa maneno machache na miwani minene. Kila mtu aliweka picha zake mezani, wenzake wakazitazama, wakasema lililo jema na lililo baya. Na wakicheka, walicheka kwelikweli.

Mimi nilihudhuria miezi na miezi bila kuweka hata moja. Nilizifunga picha zangu katika kitambaa, nikazipakata, nikanywa kahawa, nikarudi nazo nyumbani.

“Leo je?” mwalimu Shee huniuliza.

“Safari ijayo, inshallah.”

Woga tu, hapakuwa na kingine. Ukoo wetu ni watu wa msikiti na vitabu, na ami zangu walikwisha kusema kwamba picha ni mchezo wa wasio na kazi. Ningeweka picha mbovu pale mezani, habari zingefika msikitini kabla yangu. Basi nilizificha, na kila nilivyozificha ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba hazifai kuonwa na mtu.

Sasa sikiliza habari za chumba. Nyumba zetu za mawe zina chumba cha nyuma kabisa kiitwacho nyumba ya kati. Hakina dirisha. Humo huzaliwa watoto, na humo huoshwa maiti kabla ya kutolewa. Sakafuni mna tundu la kupitishia maji ya josho. Siku nyingine zote hukaa kitupu. Kwa kijana anayetafuta chumba cha giza cha kusafishia picha, unaona mwenyewe kishawishi kilivyo.

Mama hakupenda. “Chumba hicho si cha kuteza, mwanangu,” aliniambia. Lakini baba alikwisha kufariki na mimi ni mwanawe wa pekee, basi akaniachia, kwa sharti nisiache kufukiza ubani. Nilifukiza siku za mwanzo. Masizi yakaangukia karatasi zangu, nikaacha.

Mlango niliuziba kwa blanketi zito la juu hadi chini. Nikawa naingia mchana, baada ya adhuhuri, mji mzima ukiwa umelala. Siku moja nimeinamia bakuli la dawa, taa yangu nyekundu inawaka kidogo tu, nikasikia nje ya blanketi: “Hodi, mwanangu.”

Sauti ya mwanamke mtu mzima, ya upole. Mama siku zile alikuwa anaumwa miguu, na wanawake walikuja mara kwa mara kumjulia hali. Nikasema, “Karibu, Bibi, lakini angalia blanketi, mwanga usiingie.”

“Hauingii,” akajibu. Punde nikamsikia ameketi nyuma yangu, upande wa ukutani.

Utaniuliza, mbona hukugeuka ukamtazama? Wewe hukulelewa Mkomani. Mwanamke wa watu ameingia ulipo, hujui ni mke wa nani wala mama wa nani, unamkodolea macho? Nikainamisha kichwa kama nilivyofunzwa. Wala sikumuuliza mama baadaye, kwa kuwa kijana mwanamume hapelelezi wageni wa kike wa mama yake. Adabu yangu ndiyo iliyoniponza, niamini.

Akaja siku ya pili, akaja na siku nyingine. Akawa anazisema picha zangu. “Huyu punda mato yake yana huzuni,” aliniambia mara moja, na mimi sikuona punda wala kwato. Karatasi ilikuwa bado nyeupe ndani ya dawa. Punda akatokea baadaye, na kweli macho yake yalikuwa na huzuni. Nilishtuka? Nilishtuka. Kisha nikajiambia wazee huona mengi. Sifa ni tamu, ndugu yangu. Hapakuwa na kiumbe aliyewahi kuzitazama picha zangu, na huyu anazitazama moja moja, anajua kivuli kilipokaa vizuri na mkono ulipokatwa vibaya na ukingo wa picha. Nilianza kuingoja adhuhuri.

“Nionye mimi kwanda,” alikuwa akisema, yaani nimwonyeshe yeye kabla ya wengine. “Watu wa chama chako hawana mato.”

Kisha picha zikaanza kuharibika. Nazisafisha vizuri, nazianika mle mle ndani, nikirudi nazikuta nyeusi kama sufuria ya kuni, na filamu zake vilevile. Hata ningepata ushujaa wa kwenda nazo chamani, sikuwa na cha kuonyesha. Nikamlalamikia Bibi. Akauliza, “Na dawa wanunua kwa nani?”

Nikaanza kumtazama Bwana Fida kwa jicho la pembeni. Kwa nini chupa yangu aliitoa chini ya meza na ya mwenziwe aliitoa rafuni? Siku ile nilipopanda ngazi wakanyamaza, walikuwa wakimsema nani? Salamu zake nikazijibu kwa nusu mdomo. Mtu huyu alikuwa hajanikosea kitu, na mimi nikitoka dukani mwake nanusa chupa kama paka.

Katika siku hizo hizo mama akakubali kupigwa picha. Miaka yote alikataa. Sasa ugonjwa ulikuwa umempanda kutoka miguuni hadi kifuani, na sote wawili tulijua, ingawa hapana aliyelitamka. “Uso wangu ni wa watu wangu,” alisema. “Nipige mikono.” Nikaipiga mikono yake ikishona kofia yangu. Filamu ilikuwa imebakiwa na picha hiyo moja tu, na mama hakuwa na nguvu za kuketi tena namna ile. Nilijua kwamba hiyo ndiyo picha yake nitakayobaki nayo duniani.

Alhamisi baada ya adhuhuri nilikuwa nyumba ya kati nikipanga vyombo. Hodi ikaja, nikaitikia, akaketi.

“Mikono ya Mwana Esha,” akasema. “Hiyo pia nionye mimi kwanda, kabla ya mtu.”

Hilo ndilo jina la mama, na sikuwa nimemwambia habari za picha ile. Nilitoka mle mbio, hata kamera nikaiacha kidakani, kile kishubaka cha ukutani, na filamu yake ndani. Lakini binadamu ni mjinga wa ajabu. Nilijiambia labda mama ndiye aliyemwambia, na hasira zangu zote nikazipeleka kwa Bwana Fida.

Nilipanda ghorofani nikamtupia picha nyeusi mezani mbele ya wenzake. “Dawa zako hizi.” Na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuweka picha juu ya meza ile.

Bwana Fida hakukasirika. Alichukua moja, akaipeleka dirishani, akaigeuzageuza. “Dawa iko nzuri, bwana. Hii ni mwanga umeingia. Nani anafungua pazia yako?”

“Hapana afunguaye.”

“Uko peke yako?”

“Kuna Bibi mmoja, mgeni wa mama, huja akaketi nami. Lakini ni mwangalifu. Huingia na kutoka, na hata uzi wa mwanga hauonekani.”

“Mchana?”

“Mchana.”

“Nje iko jua, na pazia iko moja?”

“Moja tu.”

Mwalimu Shee alivua miwani yake. “Basi huyo Bibi huingiaje?” aliniuliza.

Hebu fikiri. Miezi yote ile, mimi ambaye kazi yangu ni mwanga, sikuwahi hata siku moja kuliona blanketi lile likisogea. Hapana aliyenicheka. Bwana Fida alinimiminia kahawa, akasema duka lake lina stoo nyuma, yeye na mwalimu wataningoja humo, nikailete filamu yoyote iliyobaki nzima nyumbani.

Nilirudi nyumbani nikavunja adabu. “Mama, yule Bibi anayekuja adhuhuri ni nani?”

Alikuwa amelala, akajiinua kwa kiwiko. “Bibi yupi? Mtana hapaingii mtu hapa. Komeo natia mwenyewe.”

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta leso yake akaifunika mikono. “Mle wameoshwa wengi,” alisema. “Sijui ni yupi. Enda katoe kamera yako, na asiione mikono yangu.”

Magharibi ilikuwa imekwisha kuadhiniwa. Niliwasha taa ya chemni, nikalivuta blanketi mpaka likaanguka, nikaingia nikisoma Ayatul Kursi kwa kuruka maneno. Taa ilimulika kila pembe. Vyombo vyangu, kamba ya kuanikia, kuta nyeupe. Mtu hakuwamo. Nikatia mkono kidakani, nikaishika kamera.

“Waenda nayo wapi?”

Sauti ilikuwa chini, palepale kwenye tundu la maji.

Nilimfikiria mama kule ndani na mikono yake chini ya leso, nikajibu, “Naipeleka chamani.”

“Watu wale hawana mato. Mimi ndimi niliyekuona, miezi hii yote uliyojificha.”

Na alisema kweli, hilo ndilo lililoniuma. Nusu ya moyo wangu ilitaka kuketi, nimwonyeshe, nimsikie atakavyosema. Mpaka leo sijapata mtu wa kuzitazama picha zangu kama alivyozitazama yeye. Nikasema, “Hii ni ya watu,” nikaanza kurudi kinyumenyume.

Hakupiga kelele. Alisema kwa upole uleule, “Haya, enda ndia yako. Mimi siendi popote. Siku moya utaletwa chumba hiki umebebwa. Siku hiyo nitakuona weye, kabla ya watu.”

Sikumbuki nilivyofika Usita wa Mui. Nakumbuka stoo ya Bwana Fida, imezibwa kwa magunia, na sisi watatu tumebanana humo, mwalimu Shee akinishika bega nisimwage dawa. Tulisafisha filamu, tukachapa. Mikono ya mama ikaja polepole, vidole kwanza, kisha sindano, kisha kofia. Tukangoja. Haikugeuka nyeusi.

Niliichukua ingali mbichi, nikapanda nayo ghorofani mwenyewe, nikaiweka mezani mbele ya wanachama wote, waliokuwa bado wamekaa kunngoja. Sikusema “safari ijayo” wala “samahani, ni kazi ya mwanafunzi.” Walisogeza taa. Mmoja akasema kofia imekatwa pembeni, na kweli ilikatwa. Mwalimu Shee aliinama akaitazama kwa muda mrefu. “Mwenye mikono hii anampenda huyo anayemshonea,” alisema. Bwana Fida aliniuliza kwa nini niliwaficha siku zote zile. Nililia mbele ya watu wazima, na sikuona haya.

Mama alifariki kabla ya mwaka kwisha. Wanawake walipotaka kumpeleka nyumba ya kati nilisimama mlangoni nikakataa. Ami zangu walinikaripia, wakasema nimemfanya mama yangu kama mtu asiye na kwao. Akaoshwa kiwandani, ule uwanja ulio wazi katikati ya nyumba, shuka zimefungwa pande zote na mchana wa Mungu uko juu yake. Maneno ya watu nimeyala kwa miaka. Waliojua sababu wakati ule ni Bwana Fida na mwalimu Shee, nao hawakusema mpaka walipokwenda zao, Mungu awarehemu.

Mlango wa chumba kile niliuziba kwa mawe na chokaa. Sasa wanangu wanataka kukibomoa wapate pa kulaza wageni, watalii hupenda vyumba vya zamani. Nimewaambia wangoje nife. Baadaye nikaona hilo nalo ni kosa, kwa sababu nikifa ndipo watakapohitaji mahali pa kuniosha.

Nawe unayenisikiliza, kama una kazi ya mikono yako unayoionea haya, itoe mbele ya watu mapema. Wakicheka, kicheko chao kitakwisha kesho. Ukiificha gizani, usidhani haionwi na mtu. Na anayekusifu bila wewe kumwona uso, muulize kwanza amepita wapi.

Wasia wangu nimeuandika mbele ya mashahidi: nioshwe kiwandani, mchana, milango yote wazi. Wanangu huitikia, “Ndiyo, baba,” kwa sauti ya kumbembeleza mzee. Lakini maiti hana kauli, na wanangu nawajua kwa kusahau.