Ng'ombe Niliyemsingizia

Mimi ni dereva wa kwaya yetu ya Nakivale, na leo nakiri kwamba trela yetu haikuangushwa na ng'ombe.

Tulikuwa tunapeleka vyombo Mbarara. Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, aliniambia niweke spika nzito sehemu ya mbele ya trela. Mimi nikaziweka nyuma kabisa, ili tukifika ziwe rahisi kushusha. Karibu na Isingiro nikaona kwenye kioo trela inayumba kushoto na kulia. Badala ya kupunguza mwendo taratibu, nilitaka kujua kama nikiongeza itanyooka. Nikaongeza. Trela ikalala ubavu, pikapu ikabaki wima.

Mama Furaha, aliyekuwa amesinzia kando yangu, akashtuka. "Ni nini?"

"Ng'ombe ametukatia njia."

Wafugaji wakaja na kamba, wakatusaidia kuiinua. Sikujua kwamba watu wale wanamjua kila ng'ombe wao kama sisi tunavyojua sauti za waimbaji wetu.

"Wa rangi gani?" mmoja akauliza.

"Mweusi, ana baka jeupe usoni."

"Pembe?"

"Moja imepinda."

Akashangaa. "Huyo ni wangu. Kuja muone."

Tukamfuata hadi zizini. Ng'ombe huyo alikuwa amelala, amefungwa kamba, akimlamba ndama ambaye bado hajakauka.

"Tangu asubuhi alikuwa anazaa," mfugaji akasema. "Hajatoka hapa."

Mama Furaha akamtazama ndama, kisha akanigeukia.

"Papa Shukuru, basi ni huyu mutoto ndiye alitukatia njia?"