Mwalimu Akka na Saa ya Mbio

King'ora cha futari. Kikilia Ramadhani mjini kwetu, chini ya milima ya Atlasi, barabara huachiwa paka, na hata wao huwa na mialiko.

Mwalimu Akka wa hisabati alikiingiza kwenye hesabu zake. Akka hasahau kitu. Kama huamini, muulize mwenyewe. Miaka yote ametulisha maswali ya wakimbiaji: huyu katoka Azrou, yule Ifrane, watakutana wapi? Yeye hakimbii hata mvua. Lakini neno "sijui" hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

Mwaka ule mwanafunzi wake Tuda, binti wa mchunga kondoo, alitakiwa akimbie kilomita kumi chini ya dakika arobaini, apate nafasi katika shule ya riadha huko Rabat. Akka akapiga hesabu ubaoni: mbio zianze dakika hamsini kabla ya king'ora, Tuda amalize, watu wakafuturu.

"Na upepo, mwalimu?"

"Upepo haumo kwenye swali, binti yangu."

Wala hotuba haikuwamo. Mwenyekiti wa mbio, Sidi Bennasser, alitupongeza kwa kufunga, kwa kupumua na kwa kusimama tukimsikiliza, robo saa nzima.

Basi king'ora kikalia Tuda yungali njiani. Wapima muda wakanusa supu ya harira.

"Shika saa, mwalimu," alisema Sidi Bennasser, mguu mmoja umeshaondoka. "Akifika, bonyeza. Si wewe ndiye bingwa?"

Wakatoweka. Tulibaki Akka na mimi, niliyeshika utepe.

Tuda akachomoza kwenye kona, mwepesi kama kitambaa kilichoponyoka kwenye kamba ya kuanikia. Jua lilikuwa limezama, lakini uso wake ulikuwa bado nalo. Akakata utepe, akaanguka kwenye nyasi. Akka akampa tende yake mwenyewe.

Sidi Bennasser akarudi akifuta masharubu. "Haya, kapata ngapi?"

Akka akatazama saa. Ilikuwa bado inahesabu.

"Taja namba yoyote, bwana! Thelathini na tisa? Niandike, supu inapoa."

Tuda akainua kichwa. Namba moja tu, na Akka alikuwa nazo tele.

"Sijui, Sidi," alisema, kwa sauti ndogo hata nikadhani anaiambia ile saa. "Nilikuwa namtazama."