Tulivyolipima Duka la Bei Chee Wakati wa Masika

Jumatano ya kwanza baada ya Idi mwaka huu, Bi Rehema alifariki nyumbani kwake Shangani, hapa Mtwara. Alikuwa mkuu wangu wa kazi mpaka nilipostaafu, na karibu kila ninachokijua kuhusu hisa nilikipata kwake. Vijana huniuliza kazi yetu ilikuwa ipi hasa. Nitaeleza nilichokiona.

Siku ya kwanza niliripoti kwa viatu vya kuazima. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, nikaajiriwa kuwa mhudumu wa ofisi. Yeye alikuwa Wakala wa Hisa, yaani mtu anayewanunulia wengine sehemu ndogo za umiliki wa kampuni. Alinitazama miguuni akasema, "Kesho njoo na kandambili. Hapa tunatembea."

Baadaye nilipelekwa Masasi, chini ya Meneja wa Tawi ambaye hakupenda kuondoka mezani, kisha nikarudishwa Mtwara kuwa Msaidizi wa Bi Rehema. Yeye alianza na hesabu za kampuni: faida, madeni, na bei ya hisa ukiilinganisha na faida inayopatikana kwa kila hisa. Halafu alifunga faili, akaenda kuitazama kampuni yenyewe.

Ninayoikumbuka zaidi ni kampuni moja ya maduka ya bei chee. Ilikuwa na matawi mikoa mingi, na moja mjini kwetu: ndoo, sabuni, madaftari, masufuria. Duka la namna hiyo hupata faida ndogo mno kwa kila kitu. Linaishi kwa mzunguko, yaani mali itoke rafuni upesi na nyingine iingie. Mali ikilala, kodi ya pango inamaliza faida yote.

Msimu wa korosho walikuja wakulima wa kijiji cha Mpapura na Mwenyekiti wao, Mzee Bakari. Walikuwa wameunganisha malipo yao ya korosho ili wanunue hisa za kampuni hiyo, na gawio, ile sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, liwasomeshee watoto.

"Tumepita pale dukani, foleni imefika barabarani," alisema Mzee Bakari. "Unataka ushahidi gani tena, mama?"

"Mwezi huu hata mimi nikiuza mchanga wa pwani nitapata foleni," Bi Rehema akajibu. Wakacheka. "Sasa hivi kila mtu ana hela ya korosho. Kama ni duka zuri bado sijui. Nataka nilione masika, hela ikishakwisha."

"Na bei ya hisa ikipanda?"

"Mtapata chache."

Hapo kicheko kikaisha.

Mkurugenzi wetu naye alipiga simu kutoka Dar. "Bi Rehema, hiyo kampuni unaiuza au unaichumbia?"

"Nachunguza ukoo, bosi. Ndoa ikivunjika nitarudi kwako?"

Masika ilipofika, tulisimama mle dukani asubuhi nyingi. Wateja walipungua, lakini hawakukatika. Meneja wa Duka alikuwa ameagiza sabuni za vipande vidogo na mafuta ya chupa ndogo. Bi Rehema akamuuliza mama mmoja wa Ziwani, "Dada, kwa nini hununui kijijini kwenu?"

"Kule kipande hikihiki ni ghali. Na hapa sinuniwi kwa kununua kidogo."

Tukaomba kuiona stoo. Magodoro na redio zilizouzwa pale msimu wa korosho hazikuwepo. Meneja alieleza kwamba korosho ikiisha, vitu vikubwa hupakiwa na kupelekwa kwenye matawi ya mikoa ambako mavuno yanakaribia. Kumbe mali yao ilikuwa inafuata mavuno nchi nzima. Bi Rehema alitoka nje anatabasamu. "Hawa wanajua kazi," aliniambia. Sikuwahi kumsikia akiisifu kampuni nyingine hivyo.

Lakini bei ya hisa ilikuwa imepanda. Hakupiga simu. Tulikwenda Mpapura kwenye tope.

"Sasa nawashauri mnunue," aliwaambia. "Ila mtapata hisa chache kuliko mngenunua siku ile. Aliyewachelewesha ni mimi."

"Kama ulikuwa hujui, si ungesema hujui!" Mzee Bakari alifoka.

"Nilisema sijui, mzee wangu. Ninyi mlisikia nakataa."

Walinunua. Gawio limekuja, si kubwa, na kuna watoto wamesoma kwalo. Lakini Mzee Bakari hakukanyaga tena ofisini kwetu. Gawio lake alimtuma mkewe kulifuatilia, na salamu za Bi Rehema hakuzijibu. Najua jambo hilo lilimuuma Bi Rehema, maana kila mwaka alimuuliza yule mke, "Mzee bado?"

Siku hizi vijana hununua hisa kwa simu, wakitazama mstari unaopanda. Siwacheki; simu ni nyepesi kuliko miguu yetu. Ninachosema ni kwamba nilifanya kazi na mtu ambaye hakuthubutu kuiingiza fedha ya mwenzake mahali ambapo yeye mwenyewe hajaridhika, na uangalifu wake ulipowagharimu watu, alikwenda kuwaambia kwa mdomo wake.

Siku ya maziko Mzee Bakari alifika, mgongo umeshapinda. Alishika jeneza mbele, tangu mlangoni. Njiani watu hupokezana, kwa hiyo nilimgusa bega nimpokee.

"Niache," alisema.

Alilibeba mpaka makaburini.