Msomaji wa Maoni Aliyewashuku Wavuvi wa Usenge

Saa mbili asubuhi, Otonglo, viungani mwa Kisumu. Malori ya kwenda Busia yanapiga honi barabarani, na Winny Aloo, mwenye umri wa miaka 26, tayari ameshamtilia mtu shaka.

Anasogeza uso karibu na kompyuta yake iliyopasuka kioo pembeni. Mchezaji fulani ameandika kwamba gemu hii ni tamu kuliko zote duniani. Winny anasoma tena, polepole, midomo ikicheza.

"Huyu hajacheza," anasema. "Aliyecheza lazima alalamike kidogo."

Hiyo ndiyo kazi yake. Gemu yenyewe ni ya simu, inaitwa Jiji la Chuma. Wachezaji hupigana kwa kadi katika mji wa miaka ijayo, mji wa taa za rangi na mvua isiyokatika, ambako kampuni zimemiliki hata hewa na watu wamepandikizwa mikono ya chuma na macho ya kamera. Wanaocheza huandika maoni yao, na Winny huyasoma kwa niaba ya wakala mmoja wa Nairobi. Ya kweli huyapitisha. Ya kununuliwa huyatupa. Ujira wake, shilingi sita kwa kila mchezaji anayemsoma, ndio unaolipa kodi ya chumba chake.

Shaka aliirithi. Mama yake, Seline, huuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, katika soko la hapo Otonglo. Tangu utotoni Winny alimwona mama akinunua: hababaiki na omena wa juu wanaong'aa. Huzamisha mkono hadi chini ya beseni, akatoa konzi, akanusa. Chini ndiko wauzaji wajanja huficha mchanga na omena wa juzi.

"Na mimi huzamisha mkono," asema Winny. "Sifa huwa juu. Ukweli umelala chini."

Lakini Machi mwaka huu mkono huo ulimponza.

Kulikuwa na akaunti kadhaa zilizotumia simu moja huko Usenge, ufuo wa wavuvi upande wa Bondo. Lugha yao ilifanana kama mapacha. Zilikuwa zikinyamaza majuma mazima, kisha zinafurika maoni siku chache, halafu kimya tena. Na zote zilisifia kadi moja: Taa ya Mtego.

Wachezaji wengine waliidharau kadi hiyo, ambayo kila anayeanza gemu hupewa bure. Haipigi, haikingi. Huwaka tu, na kadi za adui hutoka mafichoni kuifuata. Mchezaji mmoja wa Nakuru aliandika kwamba anayeitegemea bora arudi kucheza bano na watoto. Watu wa Usenge walisema ndiyo mama wa kadi zote: iwashe, tulia, adui atajileta.

Winny alinusa mchanga. Alimwandikia msimamizi wake, Kahiga, kwamba hao ni watu walioajiriwa kusifu kwa zamu. Kahiga alimpongeza. Akaunti zikafungwa, pamoja na kadi zote ambazo wenyewe walikuwa wamezishinda.

Jioni hiyo alimsimulia mama yake kwa majivuno, wakichambua omena. Mama hakucheka. Alitaka kujua watu hao huandika siku zipi. Winny akamwonyesha.

"Nyathina," mama akasema, akimwita mtoto wake kwa Kijaluo, "hizo ni siku za mwezi mkubwa. Mwezi ukiwaka hivyo, nani ataenda kushika omena?"

Omena huvuliwa gizani. Wavuvi huelekeza taa juu ya maji, samaki huufuata mwanga, na wavu huwazingira. Mbalamwezi ikitanda, taa haina kazi. Mashua hubaki ufuoni, wavuvi wakishona nyavu na kucheza simu.

Winny amekula omena tangu kuota meno. Hilo ndilo linalomuuma.

Hata hivyo hakusadiki mara moja. Jumamosi iliyofuata alifika Usenge, akawakuta wanaume wameketi juu ya mashua iliyopinduliwa, simu moja katikati yao. Nao walimshuku. Mmoja alidhani ni mtu wa mikopo, akaifunika simu kwa wavu. Alipojitambulisha, hakuna aliyemkaribisha.

"Kumbe ni wewe ulitufunga?" aliuliza Owiti, kijana anayewaandikia wenzake maoni kwa kuwa Kiswahili chake ndicho kilichonyooka. "Tulisema gemu ni poa, ukatuita wezi. Tungesema ni mbaya, ungetuamini?"

Winny alielezwa kwamba Owiti alikuwa amefuzu kwa mashindano ya wachezaji yatakayofanyika Kisumu mwezi wa Agosti. Akaunti ilipofungwa, nafasi yake ilikwenda nayo.

Aliomba kucheza nao. Mzee Zadock, mwenye mashua, alimkabili kwa akaunti mpya isiyo na kadi za maana. Winny alikuwa na majeshi ya chuma. Mzee aliwasha Taa ya Mtego, akaiweka simu gotini. Kadi za Winny zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine. Vijana walimhimiza mzee apige.

"Ngojeni," akawaambia. "Wavu hauvutwi kama hawajajaa."

Winny alishindwa vibaya, na kwa mara ya kwanza wanaume wale wakacheka. Mmoja alimwambia dada, andika hiyo nayo kwa maoni.

Aliandika. Aliomba akaunti zifunguliwe. Sasa ikawa zamu ya Kahiga kushuku. Aliuliza mama yake Winny hununua omena wapi. Aliposikia ni Usenge, akauliza ni nani amemnunua. Tangu hapo maoni yote ambayo Winny anayapitisha husomwa upya na mtu mwingine.

"Sasa najua inavyouma," asema Winny.

Bado anazamisha mkono. Ila amemwomba wakala aruhusu swali moja kabla ya mchezaji yeyote kutupwa: unafanya kazi gani? Hajajibiwa. Agosti inakaribia, na Owiti hupiga simu kila Jumatatu kuuliza kama nafasi yake imerudi.

Juzi Kahiga alituma ujumbe mfupi, bila salamu. Alitaka kujua mwezi mkubwa unaofuata utakuwa siku gani, na kama Mzee Zadock atakuwepo ufuoni.

Winny amemjibu aje Usenge na kadi zake bora, na asiwe na haraka.